Komeo la Nje

Mtu aliyetengeneza makomeo maisha yake yote, utamfungia kwa komeo gani? Swali hilo lilimkosesha Kijiti usingizi tangu baba yake alipoanza kupotea, na kila aliyemuuliza alicheka kwanza, kisha akampa pole.

Kijiti ni jina la utani. Baba yake huyohuyo ndiye aliyempa, enzi zile akiwa mtoto asiyemfika mtu kiunoni, kwa sababu alikuwa akiokota vipande vya vijiti vya kuchomelea vilivyodondoka chini ya meza ya kazi na kuvipanga kama penseli zake. Sasa ni mtu mzima, anashona sare katika kiwanda cha nguo, hana mume wala mtoto, na duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita jina hilo. Mtu huyo alikuwa amemsahau.

Baba mtu, mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Bawaba. Mageti yake hayalii. Ukikuta geti la zamani linafunguka kimya kimya, huna haja ya kuuliza fundi ni nani. Hata alipostaafu, watu walimfuata nyumbani awasikilizie mageti yao, naye alikwenda, akainamisha sikio, akasema chuma kinaumia wapi. Kisha maradhi ya kusahau yakamwingia. Yalianzia kwenye majina ya majirani, yakahamia kwenye siku za wiki, yakamfikia marehemu mkewe, ambaye kila asubuhi mzee alimuulizia kama amekwisha kurudi kutoka sokoni. Mwisho yakamfikia binti. Siku hiyo Kijiti alikuwa akimtilia chai, mzee akamtazama kwa adabu zote, akasema, "Asante, mama mwenye nyumba." Kijiti alidhani ni utani wake wa kawaida. Alisubiri acheke, mpaka chai ikapoa.

Lakini mikono haikusahau kitu, na hapo ndipo penye balaa. Kufuli ya mlango aliifungua kwa mpini wa kijiko. Dirisha la jikoni alilivua kwa msumari, akaliegemeza ukutani vizuri lisivunjike kioo. Kijiti akaona isiwe tabu, akamwita fundi mmoja wa bei poa, mtu wa maneno mengi na mashine ya kuazima, akamtengenezea geti la uani, ambako ndiko kulikokuwa na njia pekee ya kutokea nje. Geti lilipendeza machoni. Mzee Bawaba alilisogelea baada ya chakula cha mchana, akalitikisa taratibu kama mtu anayepima jino bovu, akaguna. Kijiti aliporudi kutoka kazini alikuta geti limelazwa chini, bawaba zimepangwa pembeni yake, na mzee hayupo.

Yeye na majirani walimkuta kwenye barabara kuu ya malori, ng'ambo ya mtaa. Daima alielekea huko. Zamani, kabla barabara haijapanuliwa, pale palikuwa na vyumba vya kupanga, na katika kimoja Kijiti alizaliwa na kukulia. Tingatinga lilipita, lami ikamwagwa, watu wakahamia upande huu. Mzee hakuwa na habari hiyo tena. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya lori lililokuwa likirudi nyuma, ameinama, anakagua bawaba ya mlango wake wa nyuma. Dereva alikuwa ameshuka mbio, mikono kichwani.

"Nimebakiza kidogo tu nimkanyage, dada yangu," alisema. "Kidogo tu. Mzee kama huyu mnamwachaje?"

Kijiti alimwomba radhi. Aliona aibu, akamshika baba yake mkono, wakaondoka.

Kaka yake, anayeishi mbali na kuongoza familia kwa simu, alisikia habari kabla hata hawajafika nyumbani. "Sikiliza," alisema, "akitoka tena, nakuja kumchukua, nampeleka kituo cha wazee. Siko tayari kuja kuzika mtu aliyegongwa barabarani kama kuku." Kijiti alikijua kituo hicho, maana mama wa mwenzake wa kazini alikuwa huko. Aliwahi kwenda kumwona. Wazee walikaa kwenye viti vilivyopangwa mstari, mikono magotini, hawana cha kushika tangu asubuhi mpaka jioni. Aliiangalia mikono ya baba yake, ile isiyotulia hata akiwa usingizini, akajua kwamba kumpeleka kule ni kumzika anaona. Kwa hiyo ama geti lisimame, ama baba aende. Akapiga moyo konde, akaanza kutafuta fundi wa kweli.

Fundi wa kweli alikuwa jamaa mmoja mnene anayeitwa Cheche. Kijiti alimchunguza kabla ya kumwita. Alipita kwenye nyumba alizozifanyia kazi, akatikisa mageti, akawauliza wenyewe. Cheche alipofika hakushusha mashine. Alizunguka uani polepole, akagonga nguzo, akachungulia nyuma ya choo pale ukuta ulipokuwa mfupi, akauliza maswali ambayo yule wa kwanza hakuyauliza. Alikuwa ametoa futi yake anaanza kupima mlango wa uani, mzee akatokea.

Alikuwa amevaa ovaroli yake ya zamani. Vifungo vimepishana, mfuko wa vifaa begani. Kijiti hakujua hata alikoutoa, maana aliuficha juu ya kabati muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," Cheche alisema.

"Marahaba. Umeanza bila mimi?"

Cheche alimgeukia Kijiti. Kijiti aliinamisha kichwa. Yule fundi mnene, Mungu ampe heri, alikunja futi yake akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Sijaanza, fundi," alisema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Basi nyumba ikapata mafundi wawili. Kijiti aliomba ruhusa kazini, akapewa kwa kununiwa, akawa anakaa kizingitini anashona vifungo vya watu huku akiwatazama. Miezi mingi hakuwa amemwona baba yake hivi. Alikula bila kubembelezwa. Hakuulizia marehemu mkewe. Aliimba puani. Mchana, Cheche akichomelea, mzee aliinama pembeni kusikiliza mlio wa moto, akawa anasema, "Taratibu, unakimbilia wapi, chuma hakina miguu," na Cheche anacheka, anapunguza mwendo.

Siku walipofika kwenye suala la komeo, mzee alimwita Kijiti kwa sauti ile ya kazini, sauti ya fundi kwa mteja.

"Mama mwenye nyumba, njoo kidogo. Hili geti unataka lizuie watu wasiingie, au wasitoke?"

Cheche aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Kijiti aliweka sindano yake chini.

"Kwani kuna tofauti?" aliuliza.

"Tofauti kubwa mno. Wa kutoingia ni mwizi, ana haraka, anaogopa kuonekana. Wa kutotoka ana siku nzima. Niambie ukweli, nisije nikakuharibia kazi."

"Wasitoke," Kijiti alisema.

"Nani asitoke?"

"Mgonjwa. Nina mgonjwa ndani, anapotea."

"Nani wako?"

Kijiti aliangalia chini, kwenye vumbi la chuma. "Baba yangu."

Mzee Bawaba alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama. Mtihani huo." Alifikiri, na usoni mwake Kijiti aliona akili yote ya zamani imerudi, imekaa pale pale ilipokuwa ikikaa, kasoro yeye tu. "Sasa sikia. Ukiwa ndani naye, tumia mnyororo na kufuli, ufunguo uuvae shingoni. Hiyo ni ya ndani. Ukitoka kwenda kazini, lazima liwepo komeo la nje. La nje tupu, lisifikiwe kutoka ndani na mkono wowote. Lete mkono wako."

Geti, wakati huo likiwa limeegemezwa tu kwenye nguzo, lilikuwa bamba zima upande wa chini na nondo nene upande wa juu. Alimwambia apitishe mkono katikati ya nondo, auteremshe kwa nje mpaka mwisho wake. Kijiti alifanya hivyo, shavu limebanwa kwenye chuma, huku baba yake akiwa upande wa pili amechuchumaa. Alihisi chaki ikipita kwenye ncha za vidole vyake.

"Jinyooshe zaidi. Mtu aliyefungiwa hujinyoosha zaidi ya hapo."

Alijinyoosha mpaka kwapa likamuuma. Mzee akachora mstari mwingine, akashuka chini yake shubiri nzima, akaweka alama. "Komeo litakaa hapa. Na tutalivalisha kofia ya bamba, fimbo au waya visilipate. Hapa hata mimi mwenyewe sitoki."

Alisema kwa fahari. Kijiti aliuvuta mkono wake ndani, akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji ili asisikike akilia. Kuna kilio cha kufiwa, mtu anashikwa na watu. Hiki hakikuwa na wa kumshika.

Jioni ile macho ya mzee yaliwaka. Alikuwa ameutazama moto kwa macho matupu, kila alipopewa miwani myeusi aliivua na kuiweka mfukoni, akisema haoni vizuri. Alijilaza kitandani akisema ametiwa mchanga machoni. Kijiti hakuhitaji kufundishwa. Alikata kiazi kibichi vipande vyembamba, akamwekea juu ya kope, kama alivyokuwa akifanya utotoni katika kile chumba cha ng'ambo, mama akiwa anapika. Alivibonyeza kwa vidole gumba, taratibu, kutoka puani kwenda pembeni.

Mzee alitulia. Kisha akasema, "Kijiti."

Mikono ya Kijiti ilisimama.

"Kijiti, umekula?"

"Nimekula, baba."

"Usiwe unanisubiri. Mimi nachelewa kazini, wewe unakaa mlangoni na njaa yako. Mama yako anasema hukubali kula mpaka unione."

"Nakusubiri tu, baba."

"Mtoto mbishi wewe," alisema, akaupapasa mkono wake, akaukuta, akaushika. Kijiti alikaa hivyo hivyo mgongo ukimuuma, anaogopa kuhema. Alisahau kituo cha wazee, akamsahau kaka yake na simu zake. Aliwaza kwamba labda kazi ndiyo dawa, kwamba geti likiisha atamtafutia kazi nyingine, hata ya uongo, hata ya kufungua na kufunga bawaba zilezile kila siku. Alijiona mjinga kwa kutoliwaza hilo mapema. Vipande vya kiazi vikakauka, akavitoa. Mzee akapepesa macho yake mekundu, akamtazama.

"Asante, mama mwenye nyumba," alisema. "Nimekusumbua."

Kazi ilielekea ukingoni. Madirisha yote yalipata nondo, ukuta mfupi wa nyuma ya choo ukapandishwa miba ya chuma, geti likasimamishwa, likajaribiwa, likapakwa rangi. Lilifunguka bila sauti. Wakiwa wanasubiri rangi ishike, mzee alimpa Cheche somo la mwisho, ingawa Cheche mwenyewe alikwisha kulijua kutoka kwa waliomfundisha.

"Geti jipya hulifunga fundi mwenyewe," alisema. "Akiwa nje. Ukilifunga uko ndani, bado wewe ni mtu wa nyumba ile, kazi haijaisha. Ukishalifunga unaondoka. Hugeuki nyuma. Ukigeuka utaona kasoro, utarudi kuirekebisha, na kwako hutafika."

"Ndivyo, fundi," Cheche alisema.

Ilipangwa kwamba Cheche atalifunga yeye, mzee akiwa amesimama naye, kisha watarudi wote kunywa chai. Lakini Cheche akapigiwa simu. Mteja mwingine, reli ya ngazi imeng'oka, watu hawapandi wala hawashuki. Alipakia mashine kwenye gari lake haraka haraka, akampa mzee mkono.

"Wewe ndiye fundi mkuu," alimwambia. "Funga wewe." Kisha akamsogelea Kijiti na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwache alifunge, dada. Ataridhika."

Gari likaondoka. Mzee Bawaba alinawa mikono kwenye ndoo mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akafunga mfuko wake wa vifaa, akaupandisha begani. Alisimama mbele ya geti akisubiri, kama fundi yeyote anayesubiri mwenye nyumba ampishe. Kijiti alimtazama. Katika muda wote wa maradhi yale alikuwa amemnyima mzee huyu mambo chungu nzima, viatu, kijiko, mlango, jua. Hili moja angemnyimaje? Litakuwa jambo la kufumba na kufumbua, na yeye atakuwa pale pale, hatua moja nyuma ya nondo.

"Ukishalifunga, rudi unywe chai," alimwambia.

"Nitashukuru," mzee alijibu, kwa sauti ya mtu anayekataa kwa heshima.

Kijiti alifungua mnyororo. Mzee akatoka. Akalivuta geti, likaja bila mlio, likakaa kwenye fremu yake. Akainama. Kijiti alisikia komeo likiteleza chini kule na kuingia tunduni, na sauti hiyo ndogo ndiyo iliyomzindua. Alikuwa na ufunguo shingoni. Ufunguo wa mnyororo wa ndani. Mnyororo wenyewe alikuwa ameushika mkononi.

"Baba," alisema. "Basi, fungua sasa."

Mzee alisimama wima, akaligonga geti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaridhika. "Limekaa," alisema. "Kwaheri, mama mwenye nyumba. Mpe pole baba yako."

"Fungua kwanza, baba. Chai iko tayari."

"Nikifungua sasa, itakuwa kazi haijaisha." Alisema bila ukali, kama mtu anayemwelewesha mteja.

Kijiti alipitisha mkono kati ya nondo, akauteremsha. Shavu lilibanwa kwenye rangi mbichi. Vidole vilifika pale palipochorwa mstari wa chaki, ule wa pili, wa mtu aliyejinyoosha zaidi, na chini yake hapakuwa na kitu ila bamba laini.

"Baba, nisikilize. Mimi ni Kijiti."

Mzee aliyekwisha kupiga hatua alisimama, akageuza uso. Uso ule ulijaa furaha ambayo Kijiti hakuwa ameiona tangu mama yake afariki.

"Umemjuaje Kijiti?" aliuliza.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye. Nitazame."

Alimtazama. Alimtazama vizuri kabisa, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye mkono uliokuwa ukining'inia nje ya nondo, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu mwema asiyetaka kumwaibisha mwanamke mzima. "Kijiti wangu ni mtoto, mama. Hajanifika hata hapa." Akaonyesha kiuno chake. "Umefanya vizuri kunikumbusha. Nikichelewa anakaa mlangoni, hali mpaka anione. Wacha nimuwahi."

Akaongeza mwendo.

Kijiti alikimbia ndani, akachukua simu, akampigia Cheche. Iliita mpaka ikakatika. Akampigia mama jirani, aliyesema yuko sokoni, atapanda pikipiki aje, kuna nini kwani. Alikimbilia nyuma ya choo, akatazama miba ya chuma iliyochomelewa sawasawa, kila mmoja, hakuna hata mmoja uliolegea. Akatikisa nondo za dirisha la jikoni. Zilikuwa kazi nzuri. Alirudi getini akaita watu, na mtaani saa ile watu walikuwa makazini.

Aliweza kumwona bado. Njia ilikuwa imenyooka mpaka kwenye kona ya barabara kuu, naye alikuwa akitembea katikati yake, mfuko begani, vifungo vimepishana, mwendo wa mtu anayerudi kwake.

"Baba!" aliita, kwa sauti iliyomkwaruza koo. "Baba, geuka!"

Mzee Bawaba aliinua mkono juu bila kugeuka, kama alivyowaaga wateja wake wote, akakata kona.

Kijiti alipitisha tena mkono kati ya nondo, akajinyoosha, akapapasa bamba pale chaki ilipokuwa imeishia. Malori yalikuwa yakisikika yakipita.